Mwanafunzi Asiyeona Katika Shule ya Kawaida: Mwongozo Kamili wa Simu, Kompyuta na Nukta Nundu

Kitu cha kwanza anachohitaji mwanafunzi asiyeona aliyepangiwa shule ya sekondari ya kawaida ni notisi za mwalimu wake zikiwa kwenye faili la Word. Simu, kompyuta na mashine za nukta nundu (maandishi ya nundu yanayosomwa kwa vidole) zinafuata, kwa sababu zote husoma maandishi ambayo mtu ameshayaandaa. Naanza na jambo hili kwa kuwa wazazi wengi huanza na bei ya kifaa. Kifaa kinanunuliwa kwa jasho, kinafika shuleni, kinakosa cha kusoma, na muhula wa pili unakikuta ofisini ndani ya boksi lake.

Nimemwandikia mzazi, mwalimu wa darasa na mwanafunzi mwenyewe, kwa kuzingatia mazingira ya Tanzania. Msomaji wa Kenya atakuta hatua ni zilezile, tofauti ni majina ya taasisi. Nahusika na wasioona na wenye uoni hafifu tu, wakiwemo wanafunzi wenye ualbino. Mwanafunzi kiziwi au mwenye ulemavu wa viungo ana mahitaji yake, na hayafai kubanwa kwenye aya moja mwishoni mwa mwongozo wa macho.

Hatua ya 1: Jua anaona nini, na anakwama wapi

Usinunue chochote kabla ya macho kupimwa. Neno "haoni" linaficha mengi: kuna asiyeona kabisa, kuna anayeona mwanga na vivuli, na kuna anayesoma herufi kubwa akilisogeza daftari hadi puani. Nenda kwenye kliniki ya macho yenye huduma ya uoni hafifu. Wakazi wa Dar es Salaam wana hospitali ya CCBRT, wa Kaskazini wana hospitali ya KCMC Moshi, na walioko Kenya wana kitengo cha macho cha hospitali ya Kikuyu. Omba vipimo viwili: cha miwani na cha uoni hafifu. Havifanani, na mtu anaweza kupewa kimoja akadhani amemaliza.

Kipimo hiki kina uzito kuliko kinavyoonekana. Mtoto mwenye ualbino karibu kila mara ana uoni hafifu, macho yake huchezacheza na mwanga mkali humuumiza, lakini wengi wao wanaona vya kutosha kusoma maandishi ya wino yakikuzwa. Wako wanaowekwa darasa la nukta nundu hata hivyo, na ukiwatazama vizuri utawakuta wameinama juu ya karatasi wakizisoma nundu kwa macho badala ya vidole. Huo ni mzigo mara mbili kwa macho yaleyale.

Nyumbani fanya jaribio lako. Chapisha aya moja ya kitabu cha kiada kwa ukubwa wa 14, 18, 24 na 32. Mpe asome kivulini nje, kisha ndani. Usitafute herufi ndogo kuliko zote anazoweza kuzitambua. Tafuta ukubwa anaoweza kuusoma nusu saa bila kichwa kuuma wala machozi kutoka. Huo ndio ukubwa wake wa kazi. Uandike, maana utauhitaji kwenye simu, kwenye kompyuta na kwenye fomu za mtihani.

Kisha andika kazi zake za siku moja ya shule: kusoma ubao, kusoma kitabu, kuandika notisi, kusoma alichoandika mwenyewe, kufanya zoezi, kufanya mtihani. Mbele ya kila kazi eleza anaifanyaje sasa. Kazi ya nne husahaulika. Wapo wanaoandika darasani mwaka mzima na hawana njia ya kujisomea walichoandika, wanamsubiri rafiki awasomee usiku.

Hatua ya 2: Kwa mwenye uoni hafifu, anza na vya bei nafuu

Akae mbele, dirisha likiwa nyuma yake au ubavuni, kamwe lisiwe usoni. Avae kofia yenye ukingo hata darasani kama mwanga unamsumbua, na mkuu wa shule aelezwe mapema ili asiambiwe anavunja utaratibu wa sare. Apate kishikizo cha mbao cha kuinulia kitabu, maana mtoto anayeinama saa nane kwa siku huumia mgongo na shingo kabla ya macho kuchoka. Atumie kalamu nyeusi ya wino mzito na daftari lenye mistari iliyokolezwa.

Fotokopi ya A4 kwenda A3 hukuza kwa asilimia 141, yaani maandishi ya ukubwa wa 12 yanakuwa karibu 17. Kwa wengine hiyo inatosha kabisa, na duka la fotokopi lipo kila mji. Kasoro yake ni kwamba karatasi ya A3 haikai kwenye dawati. Atakayehitaji 24 na zaidi ni afadhali atumie skrini.

Kwenye kompyuta ya Windows, shika kitufe chenye alama ya Windows pamoja na alama ya kujumlisha, kikuzaji kitafunguka. Windows na Esc hukifunga. Kikiwa wazi, Ctrl, Alt na I kwa pamoja hugeuza rangi, maandishi yakawa meupe juu ya weusi, jambo linalowapunguzia sana maumivu wenye kuumizwa na mwanga. Kwenye simu, ongeza kwanza ukubwa wa maandishi, halafu washa ukuzaji kwenye sehemu ya Ufikivu. Kamera ya simu yenyewe ni kikuzaji: piga picha ubao, vuta kwa vidole, soma kwa nafasi yako.

Hatua ya 3: Simu inayosoma

Shule zetu nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, na mzazi anayeificha kwenye sanduku la mtoto anamtafutia adhabu. Andika barua kwa mkuu wa shule ukieleza kuwa simu ni kifaa cha kusomea, itakuwa haina laini, itatunzwa na mwalimu wa elimu maalumu, na mwanafunzi ataichukua saa za vipindi na za kujisomea. Omba jibu la maandishi. Mwalimu wa zamu hubadilika kila wiki, barua haibadiliki.

Simu yoyote ya Android isiyo ya zamani sana inafaa. Programu ya kusoma skrini inaitwa TalkBack na haina malipo. Kabla ya kuiwasha jifunze kuizima, kwa sababu ikishawaka, simu haigusiki kama ulivyozoea na watu hupata hofu. Njia ni hii:

1. Fungua Mipangilio, nenda kwenye Ufikivu. Kwenye simu iliyowekwa Kiingereza sehemu hiyo imeandikwa Accessibility.
2. Chagua TalkBack. Kabla ya kuiwasha, ruhusu njia ya mkato ya vitufe vya sauti.
3. Bonyeza vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja, ushikilie sekunde tatu. TalkBack itawaka. Rudia, itazimika. Fanya hivyo mara kadhaa hadi mkono uzoee.

Sasa mfundishe miondoko michache tu. Kutelezesha kidole kimoja kwenda kulia ni kuhamia kitu kinachofuata, kushoto ni kurudi. Kugusa mara mbili haraka, popote kwenye skrini, ni kufungua kilichotajwa. Vidole viwili kwenda juu au chini husogeza ukurasa. Chini kisha kushoto, bila kuinua kidole, ni kurudi nyuma. Juu kisha kushoto ni kwenda skrini ya mwanzo. Hiyo inatosha kwa wiki ya kwanza. Anayeona akimfundisha asimshike mkono na kuuburuta juu ya skrini. Amwambie kwa maneno, amwache akosee, arudie.

Suala la lugha linahitaji muda. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza ametoka kusoma kwa Kiswahili na sasa masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Sauti ya Kiswahili ikisoma Kiingereza hutoa vurugu, na ya Kiingereza ikisoma Kiswahili ni vivyo hivyo. Pakua sauti za lugha zote mbili kwenye mipangilio ya kubadili maandishi kuwa usemi mkiwa na intaneti, kisha mfundishe kubadili lugha kupitia menyu ya TalkBack, ambayo hufunguka kwa kutelezesha kidole chini kisha kulia. Kasi ya sauti iwe ya chini mwanzoni, iongezwe kidogokidogo kila wiki. Wasikilizaji wazoefu husikiliza kwa kasi ambayo wewe hutaelewa neno, na hapo ndipo wanapolingana na wenzao wanaosoma kwa macho.

Hedfoni ni lazima, lakini sikio moja tu darasani, jingine limsikilize mwalimu. Na kama ni simu ya mzazi yenye pesa, hakikisha haitaji namba ya siri kwa sauti. Mtoto anaweza kutangaza siri ya familia nzima kwenye daladala bila kujua.

Hatua ya 4: Kompyuta, kwa NVDA

Simu ni ya kusoma. Kuandika insha, kupanga notisi na kurekebisha makosa kunahitaji kibodi. Laptopu iliyotumika yenye Windows 10 au 11 inatosha. Programu ya kuweka ni NVDA, inayosoma skrini kwa sauti kama TalkBack, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kijana asiyeona aliyeona si haki mtu asiyeona kulipa pesa nyingi zaidi ili atumie kompyuta ileile. Ni ya bure, inapokea masasisho, na sauti inayokuja nayo inajua Kiswahili pia, japo kwa lafudhi ya mashine.

Kabla ya NVDA afundishwe kuandika kwa vidole kumi. Vitufe vya F na J vina kinundu kidogo, na tarakimu 5 upande wa namba inacho pia; vidole vya shahada vikae juu ya F na J, vingine vitajipanga. Nasisitiza hapa kwa sababu ndipo mafunzo mengi yanaporukwa. Mwanafunzi asiyejua kibodi atafundishwa amri za kisoma skrini kwa miezi na bado atamhitaji mtu pembeni. Mazoezi ya robo saa kila siku kwa muhula mmoja yanamaliza kazi hiyo.

NVDA ikishawekwa, Ctrl, Alt na N huiwasha. Amri zake nyingi hushika kitufe kimoja maalumu, ambacho ni Insert, au Caps Lock ukichagua hivyo wakati wa kuiweka. Kwa laptopu chagua Caps Lock. Hapa chini nakiita kitufe hicho NVDA. Za kuanzia ni hizi: Ctrl hunyamazisha sauti mara moja. NVDA na T hutaja jina la dirisha ulilomo, kwa hiyo aliyepotea hajapotea. NVDA na namba 1 hufungua hali ya mazoezi, ambamo kila kitufe unachobonyeza kinatajwa jina na kazi yake bila kuharibu chochote. Mwache humo acheze hata siku nzima. NVDA na N ni menyu. NVDA, Ctrl na V ni mipangilio ya sauti. Kwenye ukurasa wa intaneti, H humrusha kwenye kichwa cha habari kinachofuata, K kwenye kiungo, T kwenye jedwali.

Tengeneza pia nakala ya NVDA ya kubebeka kwenye flashi, kupitia menyu yake ya zana. Akiichomeka kwenye kompyuta ya maabara ya shule inaweza kufanya kazi bila kusakinishwa. Shule isiyo na kompyuta maalumu ya wasioona inakuwa nayo papo hapo, kwa gharama ya flashi.

Hatua ya 5: Faili, ambalo ndilo kila kitu

Mwalimu wa somo mara nyingi tayari ana notisi zake kwenye laptopu au kwenye kundi la WhatsApp la walimu wenzake. Kinachohitajika ni azitume siku moja kabla ya kipindi. Mzazi aliombe hili kwenye kikao cha kwanza cha wazazi, kwa adabu na kwa maandishi, na mwalimu wa elimu maalumu awe ndiye mpokeaji.

Sio kila faili linasomeka. Picha ya ukurasa iliyowekwa ndani ya PDF ni picha tu, kisoma skrini hakioni neno hata moja. Jaribu hivi: fungua faili, bonyeza Ctrl na A, kisha Ctrl na C, halafu fungua Notepad ubandike kwa Ctrl na V. Maneno yakitokea, faili ni zima. Pasipotokea kitu, ni picha, na lazima ligeuzwe. Njia rahisi ni kulipandisha Google Drive na kulifungua kwa Google Docs, ambayo hutoa maneno kwenye picha. Kwa kazi ya haraka, NVDA na R husoma maandishi yaliyo kwenye picha iliyoko mbele yako. Vitabu vya kiada vilivyoko kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania vipimwe hivyohivyo kabla ya kumkabidhi mwanafunzi.

Ukipiga picha kitabu kwa simu, tandaza ukurasa uwe bapa, piga kutoka juu wima, kivuli cha mkono kisiangukie maandishi, ukurasa mmoja kwa picha moja. Picha iliyopinda huzaa maneno yaliyopinda, na mwanafunzi hana njia ya kujua kwamba "chumvi" imegeuka "chumri".

Mwalimu anayeandaa faili ajifunze mambo matatu. Vichwa vya habari aviweke kwa mtindo wa vichwa ulioko kwenye Word, asikoleze tu maandishi, ili H iweze kuvikuta. Kila mchoro aueleze kwa sentensi mbili: "Mchoro wa moyo" haisaidii, "moyo wenye vyumba vinne, damu ikiingia upande wa kulia juu" inasaidia. Na milinganyo ya hesabu aiandike kwa kihariri cha milinganyo cha Word, asibandike picha. Hata hivyo nisiwafiche, kusikia hesabu kwa sauti ni kugumu. Sehemu chini ya sehemu ikisomwa haraka inamtoka mtu kichwani kabla haijaisha. Hisabati, Kemia na ramani za Jiografia zinahitaji vidole: nukta nundu, na michoro ya kugusika iliyotengenezwa kwa uzi na gundi juu ya karatasi ya manila.

Wapo wakuu wa shule wanaoogopa kunakili vitabu kwa hofu ya hakimiliki. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unazitaka nchi wanachama ziruhusu katika sheria zao utengenezaji wa nakala zinazosomeka na wasioona. Kenya ilijiunga 2017, Tanzania 2020. Tanzania ina pia Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Zitajeni kwenye barua zenu.

Hatua ya 6: Nukta nundu isiachwe

Kuna wanaosema simu imemaliza kazi ya nukta nundu. Sikubaliani nao. Mtoto anayejifunza kwa masikio peke yake hajawahi kukutana na tahajia. Kiswahili kinamsamehe, kwa kuwa kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Kiingereza hakimsamehi: atasikia "laugh" na ataandika "laf", na msahihishaji hatajua sababu. Aidha, mtihani wake wa taifa utakuja kwa nukta nundu.

Kibao na kalamu ya ncha, vya kuandikia nundu kwa mkono, ni daftari lake la kila siku, chepesi na kisichotaka umeme. Kumbuka tu kwamba huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, karatasi igeuzwe ndipo isomwe. Mashine ya Perkins, iliyoanza kuuzwa 1951, ina vitufe sita vya nukta na inampa nafasi ya kusoma papo hapo alichoandika. Ni nzito na ina kelele darasani, lakini mashine iliyotiwa mafuta na kufunikwa dhidi ya vumbi inaweza kumhudumia mwanafunzi na wadogo zake.

Kwa anayeweza kuipata, Orbit Reader 20 inaunganisha dunia hizi mbili. Ina mstari mmoja wa seli 20, yaani nafasi za alama 20 za nukta nundu, ambamo nundu huinuka na kushuka, husoma mafaili kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, na huunganishwa na simu au kompyuta. Kitabu ambacho kwa karatasi kingekuwa majuzuu kadhaa kinaingia mfukoni. Shirika la Kilimanjaro Blind Trust Africa lenye makao Nairobi limekuwa likiwapa wanafunzi mashine hizi, hivyo shule iulize kabla ya mzazi kuuza ng'ombe. Anawe mikono kabla ya kuigusa. Mafuta na vumbi huziba nundu.

Hatua ya 7: Umeme na kufuli

Nunua betri ya akiba kubwa, na pale ambapo umeme hauaminiki, paneli ndogo ya sola. Bandika jina la mwanafunzi kwenye kila kifaa kwa wino na kwa nukta nundu. Kuhusu utunzaji, ufunguo wa kabati uwe na watu wawili, ili kifaa kipatikane saa za kujisomea usiku hata mwalimu mmoja akiwa safarini. Kifaa kinachopatikana saa nane mchana tu hakimsaidii anayejisomea saa mbili usiku.

Hatua ya 8: Mtihani

Baraza la Mitihani la Tanzania huwapa wasioona karatasi za nukta nundu na wenye uoni hafifu maandishi makubwa, pamoja na muda wa ziada: dakika 20 kwa kila saa kwa Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa kwa masomo mengine. Mtihani wa Hisabati wa saa tatu unakuwa wa saa nne. Wa Historia unakuwa wa saa tatu na nusu. Haya yote hutegemea mwanafunzi kusajiliwa na aina ya mahitaji yake. Wakati wa usajili mzazi aende mwenyewe shuleni, aombe kuonyeshwa kilichojazwa, na kama ni uoni hafifu aambatanishe cheti cha kliniki.

Mitihani ya ndani ya shule ifanywe kwa namna ileile kuanzia kidato cha kwanza: karatasi za nukta nundu au herufi za ukubwa wake wa kazi, na muda wa ziada uleule. Mwalimu akikosa uwezo wa kuandaa nukta nundu kwa jaribio la kila mwezi, amsomee mwanafunzi maswali pembeni, lakini ya mwisho wa muhula yaandaliwe kamili. Na siku ya mtihani wa taifa aende na mashine yake mwenyewe ya Perkins aliyoizoea, ikiwa imefanyiwa huduma wiki moja kabla, na karatasi za akiba.